Mtoto Huyu ni Wako

14 Januari

Dada,

Shikamoo. Utashangaa kuona bahasha badala ya simu, lakini kwetu jambo zito huandikwa, ndivyo tulivyozoea. Mama alitulea kwa karatasi. Hadi leo nikikuta kipande cha mfuko wa sabuni mezani, nahisi kimeandikwa "maharage hayajachambuliwa." Halafu simu yako ukiwa kazini huipokea yeyote aliye karibu, anaweka spika, na mafundi wote saba wanasikiliza habari zangu huku wanashona.

Basi ni hivi. Nina mimba ya miezi minne.

Usilie hapo ukalowesha sare za watoto wa watu. Mama ameshajua, maana tunaishi naye na hakuna kinachompita. Aliniona nimesukuma chai pembeni siku mbili mfululizo akasema, "Haya." Hilo tu. Mume wangu, Mwalimu, alifurahi mpaka akasahau kwenda kusimamia mtihani, wakamfuata nyumbani.

Sasa nafika nilipokuwa naogopa kufika. Dada, nataka mtoto huyu awe wako. Sisemi uje unisaidie kumlea, nasema awe wako. Nitamnyonyesha miezi sita, kisha utakuja umchukue, akuite mama, nami niwe mama mdogo wake. Nimewaza sana, si jambo la jana. Miaka saba umeolewa. Miaka sita nakutumia dawa kutoka dukani, zile za kusaidia kushika mimba, na kila nikikuuliza unasema Mungu hajajalia, halafu unabadilisha maneno unaniuliza bei ya vitunguu huku. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa muda wa kutosha, najua sura ya mwanamke anayesubiri, na sauti yake pia naijua.

Wewe ndiye uliyenilea tangu nina wiki sita, mama aliporudi kufua mashuka ya hospitali. Ulikuwa na miaka tisa. Mama husimulia akicheka kwamba wewe nilikuita "mama" na yeye nikamwita "yule." Sasa nani mwenye haki kuliko wewe? Mimi hata nepi sijui kuifunga. Nikishika mtoto wa mteja, mikono inatoka jasho, mwenyewe ananinyang'anya.

Mwalimu amekubali. Alikaa siku mbili bila kusema nami, lakini amekubali. Usinijibu haraka, jibu ukiwa umetulia.

Wako,
Kidonge


2 Februari

Kidonge, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa mfukoni mwa aproni siku nne kabla sijaifungua, maana shule zimefunguliwa na kila mzazi amegundua jana kwamba mwanawe amekua. Tunashona sare tangu Desemba. Kaptura za bluu, sketi za bluu, kola juu ya kola. Nikifumba macho naona bluu. Vidole vimekufa ganzi, na huu mgongo nadhani niliuazima kwa mtu na sasa mwenyewe anautaka.

Hongera sana. Nimefurahi, na usidhani nasema tu. Uende kliniki kila siku uliyopangiwa, usijifanye daktari kwa kuwa unauza dawa. Chumvi punguza. Viatu vya visigino mpe jirani.

Kuhusu hilo jingine, mtoto si sufuria tuazimane. Mimba ya kwanza humfanya mtu aseme mengi. Nina mteja mmoja, mama mwenye heshima zake, alikuja kupimwa gauni akiwa na mimba akanilia chaki yangu ya kuchorea vitambaa, kipande kizima. Baadaye alisahau kabisa. Nawe utasahau. Atazaliwa, utamtazama, na utaniandikia kwamba ulikuwa unatania.

Daktari wangu anasema tuendelee kusubiri, basi tunasubiri. Sina haraka. Ila nakuomba jambo moja, nakuomba kama mkubwa wako: usimwambie shemeji yako lolote. Yeye ni mtu wa kuamini upesi. Ukimwambia kesho mvua itanyesha, anaanua nguo leo.

Msalimie mama. Mwambie dawa ya miguu nitaituma na mtu.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa. Barua yako imefika Jumanne, na Mwalimu alimpigia shemeji Jumapili. Unamjua Mwalimu, akishakubali jambo analimaliza kabla halijapoa. Shemeji akamjibu, "Mwambie mdogo wangu sina neno la kumwambia." Akalia, dada. Mwanaume mzima, tena seremala. Amesema ana mbao nzuri aliyoiweka nyuma ya karakana miaka mingi bila kujua anaiwekea nini, na sasa ameshajua.

Usinikasirikie. Najua kwa nini unakataa. Wewe ni mtu wa kukataa unachokitaka. Nyama ikibaki kipande kimoja, ulikuwa unashika tumbo unasema linakuuma, kipande nakula mimi. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba tumbo lako halikuwa na ugonjwa wowote. Safari hii sikubali hilo tumbo.

Mimi nilipata utoto mtamu. Nikikaa na wenzangu dukani kila mmoja anasimulia alivyopigwa na alivyolala na njaa, mimi nakosa la kusimulia. Nasimulia ulivyonishonea gauni la mwanasesere kwa mabaki ya pazia, na ulivyonifundisha kuhesabu kwa punje za maharage, na nilivyokuwa nikiamka nakukuta umeshawasha jiko. Sikumbuki hata siku moja mbaya. Nataka na huyu apate hivyo hivyo, na mimi siwezi kumpa. Mimi sifai, dada, najijua. Wewe unaweza.

Mama anatusikia. Anakunja nguo.

Kidonge


1 Machi

Kidonge,

Kitanda cha mtoto kimekaa sebuleni. Mume wangu amekipiga msasa mpaka ukipitisha soksi ya nailoni haikwami. Akirudi jioni, kabla hajavua viatu, anapitisha kiganja kwenye ukingo wake kuona kama kuna mahali pamemponyoka. Jana aliniuliza kama mtoto wa miezi sita anaweza kuingiza kichwa kati ya fito mbili. Nilimjibu upana unaotakiwa bila kufikiri. Akanitazama kwa furaha, akasema, "Unaona? Uko tayari."

Nimechoka kudanganya, na nguvu za kuendelea sina. Mimi si tasa.

Huyo daktari ninayekutajia ni nesi wa zahanati ya mtaa wa tatu kutoka hapa, aliyeniwekea kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Kimeshabadilishwa mara moja. Mume wangu akikigusa namwambia ni mshipa. Dawa zako zote ziko kwenye kopo kubwa la vifungo, chini kabisa, sikumeza hata moja. Nisamehe hilo kwanza, maana ndilo dogo.

Unasema utoto wako ulikuwa mtamu. Nafurahi, kweli kabisa. Niliupika mimi. Sasa ngoja nikuambie jikoni kulikuwaje.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama aliporudi kazini nilitolewa shule mwaka mzima, kwa maneno kwamba ni "mpaka mtoto akae." Kila asubuhi nilikuta karatasi imebanwa chini ya taa. Saa nne uji. Asipotaka subiri, mpe tena. Akilia mbebe. Akilala fua. Nilijifunza kusoma vizuri kwenye karatasi zile kuliko darasani. Nilizisoma zote, miaka yote, na sikuwahi kukuta iliyoandikwa akilala nawe lala. Niliporudi shule nilikaa na watoto wadogo kuliko mimi, nikinuka maziwa yaliyochacha begani, wakaniita Mama Kidonge. Mwalimu wa darasa naye akaniita hivyo. Nilicheka nao, maana ungefanyaje.

Siku nitakayokuambia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe minne. Ulikuwa na homa, na asubuhi hiyo nilikuwa na mtihani. Jirani aliyeahidi kukaa nawe hakuja. Nilikuinua nikupe maji, ukanitapikia sare, ile niliyoipiga pasi. Sikukukasirikia. Nilikuvua, nikakufuta, nikakulaza, nikasuuza sare nikaivaa mbichi. Halafu nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo kutoka nje, na sikwenda shule. Nilikwenda stendi ya mabasi. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mkata tikiti akaniuliza nakwenda wapi. Nilijua tu ninakotoka.

Nilirudi kwa kumwogopa mama. Ningependa kukuandikia kwamba nilirudi kwa mapenzi, lakini siyo. Nilikukuta umelala sakafuni karibu na mlango, homa imeshuka. Hukujua kama niliondoka. Mama pia hakujua. Nimeibeba siku hiyo miaka ishirini.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na ndiyo maana nakuandikia hivi. Mimi nilishalea. Wenzangu wanatamani kulea mpaka wapate, mimi nilipewa kabla sijajua kutamani, nikafanya, nikamaliza. Mtoto akilia nyumba ya jirani mwili wangu unasimama wenyewe, mkasi mkononi, kabla sijajua nasimamia nini. Mafundi wananicheka. Sitaki tena, Kidonge. Si wako wala wangu.

Mume wangu hajui. Kila siku kitanda kinapendeza zaidi nami nazidi kuishiwa maneno. Ukimaliza kusoma barua hii, ichane.

Dada yako


9 Aprili

Mwanangu mkubwa,

Mdogo wako hakuichana barua yako. Alinipa nikaisoma.

Yeye si mgonjwa sana ila presha imepanda. Wamemwambia alale ubavu wa kushoto na asiende dukani. Anakula. Hasemi. Usipige simu kwa sasa.

Nakuandikia mambo yafuatayo.

Moja. Siku ile nilijua. Viatu vyako vya shule vilikuwa na vumbi jekundu, na njia yenu ya shule ilikuwa ya kokoto. Vumbi jekundu lilikuwa stendi peke yake. Nilivifuta mimi mwenyewe. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungenijibu, na ukinijibu ningekuwa najua, na kesho yake ningekwenda kazini vilevile kwa sababu mashuka hayangoji. Nikaona heri nisijue.

Mbili. Ni kweli sikuandika nawe lala. Ningeandika hivyo nani angefua? Baba yenu alikufa mimba ya Kidonge ikiwa na miezi saba na ndugu zake walikuja wakala matanga wakaondoka. Sikuwa na mwingine. Nilikuwa na wewe.

Tatu. Mwambie mumeo. Kwa mdomo, akiwa amekaa. Si kwa karatasi. Karatasi zilikuwa kwa sababu sikuwepo. Wewe upo.

Nne. Asiyetaka kuzaa asizae. Nimefua mashuka ya wodi ya wazazi miaka ishirini na sita. Nimeyaona.

Tano ilikuwa ya kukuomba kitu. Nimeianza mara tatu. Sijui inavyoandikwa.

Dawa ya miguu imefika. Inasaidia.

Mama


28 Aprili

Kidonge,

Nimemwambia. Jumamosi mchana, akiwa amekaa, kama mama alivyoagiza. Nilisema yote pamoja na kijiti. Nilikunja mkono wa gauni nikamwonyesha pale anapopaita mshipa.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Miaka sita?" Nikasema ndiyo. Akaenda kuleta bisibisi akakaa chini akafungua kitanda skrubu mojamoja, akazitia kwenye kikombe cha chai zisipotee. Hata akiwa na hasira hawezi kupoteza skrubu. Alipomaliza alifunga mbao kwa kamba, akasimama nazo mlangoni, akasema, "Ungeniambia hutaki, tungegombana. Labda ningeshindwa, labda ningeondoka. Lakini ningekuwa nimeambiwa." Kisha akaondoka. Yuko kwa kaka yake. Ijumaa alikuja kuchukua mashati. Nilikuwa nimeyapiga pasi. Akasema ahsante. Hajasema anarudi, na hajasema harudi. Sina la kujitetea. Alikuwa na haki ya kujua na nilimnyima, nikawa kila mwezi namwangalia anavyohesabu siku nami nahesabu naye.

Usiku wa kwanza nilidhani nitalia. Nililala saa kumi na moja mfululizo. Nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, fundi mkuu akadhani nimekufa.

Mama ameniandikia mambo manne na la tano. Hilo la tano nimelisoma mara nyingi kuliko mengine. Usimwambie.

Sasa wewe. Nimezitoa barua zako nikazisoma upya, na nimeona kitu kilichonipita mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa najifikiria mimi tu. Umeandika mara mbili kwamba hufai. Nilidhani unanibembeleza. Kidonge, unaogopa nini? Mbona umeninyamazia karibu miezi miwili? Kama ni hasira, nitukane, nitavumilia. Lakini kama ni hofu, niambie.

Nimewaza hivi. Kama huwezi kumlea, kweli huwezi, nitakuja nimchukue. Sitaki. Nimeshakuambia sitaki, na sibadilishi. Lakini nitakuja. Mikono yangu inajua kazi hiyo, na sitaruhusu mtoto wako ahangaike kwa sababu mama yake anaogopa na mama yake mkubwa amechoka. Nitamlea vizuri na hatajua kamwe kwamba sikutaka. Wewe hukujua.

Fundi mkuu amenipa ruhusa kuanzia katikati ya Julai. Niambie tu.

Dada yako


6 Julai

Dada,

Shikamoo. Alizaliwa tarehe kumi na saba Juni, msichana, mzima, kichwa kirefu kidogo lakini mkunga anasema kitarudi. Jina bado. Kwa sasa tunamwita Bibi, kwa sababu anatutazama kama aliyetukuta tumechelewesha chakula. Presha yangu imeshuka. Nalala vipande vipande. Kila ulipopiga simu mama alikuambia nimelala. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, natikisa kichwa. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Naanzia hapa. Umeandika kwamba hatajua, kwa kuwa mimi sikujua. Dada, nilijua.

Nilikuwa macho. Nilisikia ufunguo, nikashuka kitandani, nikaja mlangoni nikakuona miguu kwa chini ya mlango, halafu sikuiona. Sikulia. Nilikuwa nimeshagundua kwamba kila nikilala unakuja kuniangalia, basi nikajilaza palepale nikafumba macho ili urudi. Nilifumba muda wote huo. Nilijikojolea nikiwa nimefumba. Ulipofungua mlango nikayakaza zaidi, ukaninyanyua, ukaninusa kichwa, ukanibadilisha nguo. Sikuyafungua mpaka mama aliporudi kutoka kazini.

Tangu siku hiyo nikawa mtoto mwepesi. Nilikula upesi, nilicheka upesi, nikiumia nilinyamaza. Nilikuwa nakuangalia usoni asubuhi kabla sijaomba chochote. Unasema utoto wangu uliupika wewe. Na mimi nilikuwa jikoni, ni vile tu hukuniona. Kwa hiyo mtoto huyu sikukupa kwa kukuhurumia peke yake. Nilitaka kukurudishia ulichopoteza kwangu, na nilitaka kukimbia. Niliogopa siku atakayonitazama usoni aone mtu aliyechoka naye, ajilaze chini afumbe macho. Nilidhani akiwa kwako haitakuwa dhambi yangu. Sikufikiri itakuwa mzigo wako mara ya pili, au nilifikiri nikajifanya sikufikiri. Naomba unisamehe. Na kwa shemeji naomba unisamehe zaidi, maana kile kitanda nilikianzisha mimi.

Juzi ilitokea. Alianza kulia saa nane mchana. Nilimnyonyesha, nikambadilisha, nikambeba, nikamwimbia, nikampa mama, nikamchukua tena. Mama alipokwenda dukani nilimweka kitandani, nikatoka uani, nikafunga mlango. Nilisimama kwenye kamba ya nguo na nepi mbichi mkononi, na nikasema kwa sauti kwamba simtaki. Jirani alinisikia, akaingia ndani kwake. Sijui nilisimama muda gani. Kisha nikarudi, na mlangoni nilishika kitasa nikakiachia, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Hakuwa amefumba macho. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, ngumi juu, uso umevimba, hanifichi chochote. Aliponiona akazidisha. Nilikaa pembeni ya kitanda nikafurahi, dada. Sijui kama utanielewa, wengine nikiwaambia wataona nina wazimu. Nilifurahi kwamba ananililia. Nilimchukua tukalia wote wawili mpaka mama akarudi na sukari akatukuta, akasema, "Haya," akaenda kuinjika maji.

Sijawa hodari. Mikono bado inatoka jasho, na jana nilimfunga nepi ikamponyoka mbele ya Mwalimu. Lakini nimerudi ndani mara moja, na mara ya pili ilikuwa rahisi kidogo.

Basi usije. Mwambie fundi mkuu umeghairi. Najua umeshafungasha, nakujua. Nikikuona mlangoni nitanyoosha mikono nikupe mtoto, nawe utampokea kabla hujaweka mfuko chini, na atanyamaza, maana kwako watoto hunyamaza, na mimi nitakwenda kulala na sitaamka tena. Ngoja niweze kwanza. Njoo akishaanza kutembea. Njoo kama mama mkubwa wake, mgeni, na nguo zako nzuri, ukae kwenye kiti. Akilia utamsikia, nawe utabaki umekaa. Nitakwenda mimi.

Kidonge